Herufi za Kuazima

Wako watu waonao kwamba sura ya herufi ni jambo dogo. Husema kuwa herufi ni chombo cha neno kama kibuyu kilivyo chombo cha maji, na mwenye kiu haulizi kibuyu kimechongwa na nani. Maneno hayo yana ukweli katika kurasa za kitabu, ambako herufi njema ni ile isiyojitokeza mbele ya maana. Lakini ziko herufi nyingine ambazo kazi yake ni kujitokeza: herufi za mabango, za majina ya maduka, za pakiti za kahawa, za majalada ya vitabu, za vioo vya mabasi na za ubavu wa mashua. Hizo husema kabla neno halijasomwa. Mtu aliye mbali, hata asiyejua kusoma, huziona akapata habari: hapa pana furaha, hapa pana heshima, hapa pana bei nafuu, hapa pana mambo ya kale. Dai langu ni kwamba katika herufi hizo tumekuwa wakopaji wasiosoma mkataba. Kwamba tumepokea sura ya Afrika iliyochaguliwa na watu wasioijua Afrika, pamoja na kumbukumbu za kale za watu wengine, huku tukiziacha zetu zifutwe na mvua. Na kwamba hasara hiyo si ya macho peke yake, bali ni ya lugha.

Kwanza yafaa tujue herufi za matangazo zilitoka wapi. Kwa muda mrefu baada ya Gutenberg, mpiga chapa wa Ulaya aliyetaka kutangaza jambo alitumia herufi zile zile za kitabu, akaziongeza ukubwa tu. Mwanzoni mwa karne ya 19, biashara na viwanda vilipozidi katika Uingereza, kuta za London zikawa uwanja wa mashindano, na kila mwuzaji akataka herufi nene kuliko za jirani yake. Mwaka 1816 kiwanda cha William Caslon wa Nne kilionyesha herufi za chapa zisizo na vikono mwishoni mwa mistari, zikaitwa za Kimisri. Baadaye jina hilo hilo likapewa herufi zenye vikono vinene, ambazo ni kinyume chake. Zilikuwa na nini cha Misri? Hazikuwa na kitu. Napoleon alikuwa ameingia Misri mwaka 1798, na habari za mapiramidi zilikuwa zingali zikiwachangamsha watu wa Ulaya. Basi kitu kigeni na kizito kikapewa jina la Misri ili kiuzike.

Watu wa Ziwa Nyasa wana mfano wao wenyewe wa tabia hiyo. Wajerumani walipofika Liuli waliona kwamba jabali la bandarini lafanana na ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari Sphinxhafen. Kwa jina hilo Liuli iliingia katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza, maana hapo ndipo meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, tarehe 13 Agosti 1914. Mgeni alitazama jabali la Nyasa akaona Misri, kama vile mpiga chapa wa London alivyotazama herufi za nyumbani kwake akaziita za Misri. Wote wawili hawakuona kilichokuwa mbele yao. Waliona kile walichokuja nacho kichwani. Jina la Sphinxhafen likaondoka na wenyewe, na Liuli ikabaki Liuli. Majina ya uongo ya herufi hayakuondoka. Yaliongezeka, na leo yamefika mpaka milangoni petu.

Tazama herufi ziitwazo leo za Kiafrika. Mwaka 1923 Rudolf Koch, fundi wa Offenbach nchini Ujerumani, alitoa kwa kiwanda cha Klingspor herufi nene ziitwazo Neuland. Alizichonga katika chuma kwa mkono wake bila kuzichora kwanza, na ndiyo sababu kingo zake ni kama za mti uliokatwa kwa shoka. Koch alikuwa mcha Mungu na bingwa wa khati ya Kijerumani. Mbele yake palikuwa na chuma na tindo, hapakuwa na Afrika. Mwaka 1989 Carol Twombly wa kampuni ya Adobe, Marekani, alitoa herufi ziitwazo Lithos kwa kufuata maandishi ambayo Wayunani wa kale waliyachonga katika mawe. Basi moja ina asili ya Kijerumani na ya pili ina asili ya Kiyunani. Hata hivyo ni hizi mbili, pamoja na watoto wake wengi, ambazo kwa miaka mingi zimevalishwa majalada ya riwaya za Waafrika, matangazo ya safari za kutazama wanyama, na mabango ya ngoma na maonyesho. Neuland hiyo hiyo ndiyo iliyoandika jina la filamu ya Jurassic Park mwaka 1993. Fikiri, msomaji: herufi iliyofaa kwa mijusi mikubwa iliyokwisha kufa kabla ya binadamu kuwako ndiyo inayodhaniwa kumfaa mwandishi Mwafrika aliye hai.

Simlaumu Koch wala Twombly. Walifanya kazi ya haki, na kazi zao ni nzuri mahali pake. Nawalaumu waliochukua ukali wa kingo wakaufanya ishara ya ushenzi, kisha wakaufanya ushenzi kuwa ishara ya Afrika. Nawalaumu zaidi wale miongoni mwetu ambao, wakitaka kitabu au bidhaa yao ionekane ni ya Kiafrika, hufungua kompyuta wakatafuta vazi hilo hilo na kulivaa kwa furaha. Mtu akikutukana kwa lugha usiyoijua, huna lawama ukicheka. Ukikwisha kufasiriwa tusi, ukaendelea kucheka, lawama ni yako.

Tuje katika herufi za kale, zile zipendwazo na vijana wachoraji wa leo kwa sababu zina ladha ya zamani. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikiri. Kila herufi ya zamani ni ya zamani ya mtu fulani. Herufi nene za mviringo ziitwazo Cooper Black zilitengenezwa na Oswald Cooper katika Chicago mwaka 1922. Miaka ya 1960 na 1970 zikapendwa tena, zikaandika majina ya santuri na ya maduka, na Mmarekani azionapo leo hukumbuka utoto wake au wa wazazi wake. Wes Wilson, aliyechora mabango ya muziki katika San Francisco mwaka 1966, alichukua herufi zake zinazovimba kama moshi kutoka kwa Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Wilson hakukosea. Alikwenda katika ghala ya utamaduni aliouona kuwa wake, akatoa kitu kilichosahauliwa, akakipa uhai mpya. Hiyo ndiyo maana njema ya kurudi nyuma. Lakini pakiti ya kahawa ya Mbinga ikivikwa herufi za Chicago ili ionekane ya zamani, yakumbusha nini? Mkulima wa Umatengo hakumbuki kitu, kwa maana zamani hiyo haikuwa yake. Na mnunuzi wa ng'ambo hukumbuka kwao, si Mbinga. Zamani yetu yaachwa nje ya mlango wa nyumba yake yenyewe.

Nasema hivi kwa sababu zamani hiyo ipo, nayo haiko mbali. Kutoka Ukata na vilima vingine vya Mbinga mpaka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, watu wameandika kwa mkono kwa muda mrefu. Neno ukata katika Kiswahili ni ufukara, lakini msomaji asiihukumu kata hiyo kwa maana ya neno: nchi hii ni ya kahawa, mahindi na maharage, na ziwa lake lina samaki. Ukata niuonao mimi ni wa namna nyingine, nao umeenea nchi nzima: ni kukosa kutambua ulicho nacho.

Angalia aliyoyafanya mwandika mabango. Alipewa ukuta, kopo la rangi ya mafuta na brashi. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akapima maneno kwa jicho, na neno lilipokuwa refu kuliko ukuta alilibana bila kulivunja. Alijua kwamba herufi ya kinyozi haina budi kuwa nyepesi kama mkono wa kinyozi, na herufi ya duka la dawa iwe imara na safi. Aliweka kivuli upande mmoja ili neno lisimame mbele ya ukuta kama mtu asimamavyo mlangoni. Mwenzake wa ziwani aliandika jina la mashua juu ya ubao uliopinda, ambako mstari ulionyoka huonekana umepinda na uliopindwa kwa ustadi huonekana umenyoka. Mwenzao wa ghalani alitia alama magunia ya kahawa kwa bati lililotobolewa, na kwa kuwa tundu la O lingedondoka kama lisingeshikwa, aliacha viungio vidogo katika kila herufi yenye tundu. Hayo yote ni elimu ya herufi, ingawa haikupewa shahada.

Na si huko Ruvuma peke yake. Pwani, majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, kubwa tupu, zilizopangwa katika mstari mmoja ili zisomwe mgongoni mwa mtu anayetembea. Lamu ilikuwa na Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mchonga mbao na bingwa wa khati katika mtu mmoja. Tunduru, katika mkoa huu huu wa Ruvuma, ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ambaye kwa rangi za mafuta za kupakia vitu vya nyumbani alianzisha mtindo wa uchoraji ulioenea duniani kwa jina lake. Rangi hizo ni jamaa ya zile zilizokuwa katika kopo la mwandika mabango. Picha zikapata jina na soko. Herufi hazikupata hata mtu wa kuzihesabu.

Sasa mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimeingia mijini, na lami imefika mpaka ziwani. Mwenye duka huchaguliwa herufi kwa dakika moja kutoka katika orodha ya kompyuta, na bango hutoka likingali na harufu ya wino. Sipingi mashine. Ni rahisi, ni ya haraka, na mwenye duka ana haki ya kuokoa fedha zake. Ninalopinga ni kwamba katika orodha ile ndefu hamna hata herufi moja iliyotoka katika mkono wa mtu aliyefukuzwa kazini na orodha hiyo. Mashine ingeweza kuubeba mkono wake. Sisi hatukumpa mkono wa kuubeba.

Hapa msomaji aweza kusema kwamba haya ni majonzi ya mapambo. La. Ni mambo ya lugha, nami nitayaonyesha kwa mifano ambayo kila mtu aweza kuijaribu kwa macho yake.

Mfano wa kwanza ni neno KAHAWA. Katika herufi kubwa, A huegemea upande mmoja na W upande mwingine, na zikikaa pamoja huacha pengo lisilopendeza mpaka fundi azisogeze. Mwingereza hukutana na shida hiyo mara chache. Kwetu WA, YA, KWA na MWA ndizo kamba zinazofunga sentensi. Hapana bango lisilo nazo. Mchora herufi asiyejua Kiswahili huacha pengo hilo lilipo, na neno letu la kila siku huonekana kama kinywa kilichong'oka meno.

Mfano wa pili ni hazina ya herufi zenyewe. Mchoraji wa Ulaya hupenda kuonyesha uchezaji wake katika mkia wa Q na katika ile alama yao ya kifundo isimamayo mahali pa neno la kuunganisha. Kiswahili hakitumii Q wala X, na neno letu la kuunganisha ni na, herufi mbili zilizo wazi. Sisi twaishi kwa K, ambayo kwa Kiingereza ni miongoni mwa herufi adimu, na kwetu yatangulia vitenzi kwa ku na nomino kwa ki. Basi mchezo wote wa herufi hizo za kuchezea umewekwa mahali ambapo sisi hatupiti, na njia tupitayo kila siku imeachwa bila pambo.

Mfano wa tatu ni kituo kidogo cha ng'. Katika herufi nyingi za mapambo kituo hicho hakikuchorwa kwa uangalifu, au hakimo kabisa, na mwandika bango hukiacha. Lakini ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni ashiki na wivu. Neno zima limesimama juu ya alama ndogo kama punje ya ulezi. Vivyo hivyo ziko herufi ambazo I kubwa na l ndogo ni fimbo moja: jaribu kuandika humo Ilala, jina la ile meli ya upande wa Malawi, umpe mtoto anayeanza kusoma.

Mfano wa nne ni mzito kuliko yote. Kimatengo kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Atakaye kukiandika Kimatengo sawasawa huhitaji alama za ziada, na alama hizo hazipatikani katika herufi hizi za furaha. Maana yake ni nini? Ni kwamba Mmatengo aweza kutangaza kwa Kiingereza kwa herufi za kila namna, kwa Kiswahili kwa taabu kidogo, na kwa lugha ya mama yake kwa herufi za ofisini tu, kama kwamba lugha hiyo haiwezi kucheka. Lugha isiyoruhusiwa kucheza mbele ya watu huishia kunong'ona nyumbani.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza ni mfanyabiashara, naye atasema kwamba herufi zile zenye ukali ndizo mgeni azijuazo kuwa za Afrika, na mali huuzwa kwa sura mnunuzi aijuayo. Namjibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kahawa ikifanana na kila kitu kingine chenye alama ya Afrika, mnunuzi hataikumbuka kwa jina lake. Ijulikanayo ni ile iliyo tofauti, na tofauti haipatikani katika ghala wachukuamo wote.

Wa pili ni mlinzi wa adabu ya lugha, asemaye kwamba mchezo wa herufi waivunjia lugha heshima, na kwamba herufi za kitabu zatosha. Huyu ni rafiki yangu, lakini amesahau kwamba Kiswahili ni lugha ya mafumbo, vitendawili na majina ya kanga, na hakikupoteza heshima kwa kucheka. Kukataa mchezo wote kwa sababu ya mchezo mbaya ni kuchoma ghala kwa sababu ya panya.

Wa tatu atauliza kwa nini tushughulikie herufi huku zahanati zikikosa dawa. Swali ni la haki, lakini halimzuii mtu yeyote kulipia bango. Fedha za mabango hutumika kila siku. Ninachouliza ni zimwendee nani na zinunue nini.

Pana hatari nyingine, nayo yatoka kwetu wenyewe. Mtu akisikia maneno haya aweza kukimbilia ngoro za Umatengo, akachora vishimo juu ya kila herufi na kusema amepata herufi ya nyumbani. Hiyo itakuwa Neuland ya pili, iliyotengenezwa na mwenye nyumba badala ya mgeni. Ngoro haikuwa pambo. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana juu ya mteremko. Wanawake huyafukia kwa udongo. Tuta hubeba mazao, na shimo hupokea maji ya mvua yasichukue udongo bondeni. Shimo lafanya kazi sawa na tuta. Anayetaka kujifunza herufi kwa ngoro na ajifunze jambo hilo: kwamba tundu la ndani ya a na nafasi kati ya k na w hufanya kazi sawa na wino, na kwamba uzuri ulioko mteremkoni umetokana na haja. Kadhalika bati la magunia na ubao wa mashua: hatutaki sura yake tu, twataka akili yake.

Basi nini kifanywe? Kwanza, idara za Kiswahili na za sanaa katika vyuo vyetu ziwatume wanafunzi, wilaya kwa wilaya, wapige picha mabango ya mkono kabla hayajabanduliwa, na waandike namna ya kazi kwa vinywa vya mafundi walio hai. Pili, herufi zikitengenezwa kutokana na mikono hiyo, wenye mikono watajwe na walipwe. Tusimfanyie mwandika mabango wa Mbinga jambo lile lile tunalomlaumia mgeni. Tatu, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, liweke kipimo cha herufi zitumiwazo katika matangazo ya umma: ng' iwemo, I na l zitofautiane, KWA na YA zikae vyema, na alama za irabu za lugha zetu zisiachwe. Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilitusanifia tahajia. Kazi ya sura imebaki. Nne, viwanda vya chapa vilivyolea wasomaji wa kusini, na cha Peramiho kikiwa miongoni mwake, vifungue makabati yao ya kale kwa wachunguzi.

Haya si ndoto. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe alirudi Harare kutoka New York mwishoni mwa miaka ya 1990, akaanzisha chuo cha uchoraji wa matangazo kiitwacho ZIVA, na kitabu chake juu ya maandishi ya Afrika kilitoka mwaka 2004. Alikuwa mtu mmoja. Sisi tuna lugha ya mamilioni, baraza, vyuo na wanafunzi. Kilichopungua ni nia.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wala herufi ya kuazima haisitiri lugha. Mabango ya brashi yaliyobaki kando ya njia ya kwenda ziwani hayatangoja mikutano yetu. Kila masika hupunguza rangi yake. Anayetaka kuyasoma na aende upesi.